Etai ziko sawa, udongo njo hauko sawa: kusimamisha daraja juu ya matope

Ukipita mahali wanarekebisha daraja dogo hapa Bukavu, kule chini kwenye mito ya Kawa ao Kahuha, macho inaenda moja kwa moja kwenye ule msitu wa etai, zile nguzo za chuma za muda zinazorefushwa na kukazwa kwa skrubu, na miti ya mikaratusi iliyokazwa chini ya betoni. Watu wanasimama juu wanaangalia, huyu anasema ziko nyingi hazitaanguka, yule anasema ziko chache wamekula pesa, na wote wawili wanahesabu kitu ambacho si shida ya kwanza. Shida ya kwanza iko kwenye miguu ya zile etai, pale chuma kinagusa tope, na pale hakuna mtu anaangalia kwa sababu kuna maji machafu na harufu.

Nitafafanua hii kitu polepole, na hesabu kidogo, hesabu ya shule ya msingi tu, msikimbie.

Tuanze na udongo wenyewe. Vilima vya Bukavu vimekaa juu ya mawe ya volkano ya zamani, basalti, ambayo imeoza miaka na miaka mpaka ikawa udongo mwekundu wa mfinyanzi, mahali pengine unachimba mita kadhaa bado ni mwekundu tu. Wakati wa kiangazi udongo huo ukiwa mlimani unakataa jembe, lakini mvua ikishaushika, kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano, unalainika na kuteleza, na watu wa mtaa wa Funu hawahitaji mtu wa kuwafundisha mambo ya udongo kuteremka na nyumba. Sasa ule unaosombwa unaenda wapi? Bondeni. Na daraja linajengwa wapi? Bondeni. Pale chini unakuta mfinyanzi laini, halafu mchanga kidogo, halafu mifuko ya plastiki ya zamani gani sijui, halafu jiwe kubwa la kudanganya, yaani ukisimamisha etai kumi unaweza kukuta tatu ziko juu ya jiwe, tano juu ya mfinyanzi na mbili juu ya takataka. Kuchanganyika huku kunaleta balaa kuliko hata ulaini wenyewe, nitarudi hapo.

Halafu kurekebisha daraja si sawa na kulijenga upya. Daraja la zamani lina uzito wake tayari, pengine limepasuka na hujui sehemu gani bado inabeba na gani inajifanya tu, juu yake motari na kamyo wanataka kuendelea kupita upande mmoja, na chini yake wewe unaweka kitu cha kukaa wiki chache ao miezi halafu kitoke. Na kwa sababu kitatoka, pesa yake njo inakatwa ya kwanza kwenye bajeti. Hapo mimi huwa sielewi kabisa. Tani zile zile zitakaa juu ya hizo mbao, na zitakaa wakati betoni bado ni uji, haijaanza kujisaidia yenyewe hata kidogo.

Hesabu sasa. Chukua daraja la kawaida la mtaa, ile sakafu yake ya betoni ina urefu wa mita 8, upana mita 4, unene sentimita 40. Zidisha unapata mita za ujazo 12.8. Betoni yenye ferabeto (vile vyuma vya ndani) inahesabiwa tani 2.5 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo una tani 32. Ongeza mbao za kofraji (lile sanduku linaloshika betoni mpaka ishike), ongeza mafundi, bruweti (toroli), na lile lundo la betoni linalomwagwa mahali pamoja kabla hawajalisambaza, tuseme tani 6 hivi. Jumla 38. Ukiweka etai 20, kila moja inabeba karibu tani 2, na ujue zile za katikati zinabeba zaidi ya za pembeni, kugawanya sawasawa ni kwa karatasi tu.

Tani 2 kwa etai nzuri si ajabu, ikiwa hujaivuta mpaka mwisho, maana kadiri unavyoirefusha ndivyo inavyopungua nguvu. Sasa angalia mguu wake: ile sahani ya chini mara nyingi ni sentimita 12 kwa 12. Tani 2 juu ya kieneo hicho ni sawa na tani 139 kwa mita moja ya mraba. Udongo laini wa bondeni unavunjika kwenye tani 10 hivi kwa mita ya mraba. Umeona?

Hizo tani 10 zinatoka wapi? Kuko njia ya vidole ambayo mainjinia wanaitumia kweli, si utani. Chimba nusu mita ao mita moja, usichukue ule wa juu uliokaushwa na jua, kamata bonge ulikamue mkononi. Kama unatoka katikati ya vidole kama bugali iliyozidi maji, nguvu yake ya kukatika iko chini ya tani 2 kwa mita ya mraba. Kama unaufinyanga kirahisi kwa vidole, uko kati ya 2 na 4. Kama lazima ukaze vidole sana ndio ubadilike umbo, kati ya 4 na 7 na nusu. Kama kidole gumba kinaacha alama tu, hapo umepata udongo wa heshima. Ile namba ukiizidisha mara 5 hivi unapata mzigo unaouvunja udongo, yaani mfinyanzi wa tani 2 unavunjika kwenye 10, halafu unagawanya kwa 3 kwa ajili ya usalama, unabaki na tani 3 na kidogo. Hiyo tu njo ruhusa yako. Vidole si laboratware, kwa kazi kubwa tafuta penetrometa, ile fimbo ya chuma yenye ncha inayopigwa na nyundo ya uzito unaojulikana kutoka kimo kile kile, unahesabu mapigo kila sentimita 10. Na kabla ya hiyo hata ferabeto ya milimita 12 ukiisukuma kwa mikono mahali pa kila etai itakuonyesha wapi inaingia kama kwenye siagi na wapi inagonga jiwe. Haikupi nguvu ya udongo, inakupa ramani, na ramani ni ya bure.

Kwa hiyo etai ya tani 2 kwenye udongo wa tani 3 na kidogo inataka eneo la karibu sentimita 80 kwa 80. Fundi atakwambia, papa enjenieri, tumeweka planshi chini. Sawa, planshi. Ya upana wa sentimita 20, unene 5, urefu mita 4. Kwa macho unaona eneo kubwa, lakini mbao ya sentimita 5 ni nyembamba, etai ikikanyaga pale katikati mbao inajikunja, inabeba pale karibu na mguu tu, tuseme sentimita 30 za urefu, mbali zaidi inainuka hewani haifanyi kazi. Sentimita 20 kwa 30, piga hesabu, bado uko kwenye tani 33 kwa mita ya mraba. Umepunguza sana kutoka 139, kweli, lakini bado unazidi ile inayovunja udongo mara tatu. Hii planshi moja njo imezoeleka kila mahali, na inasaidia kwenye udongo mkavu mgumu, hapo sina neno. Kwenye tope ni mapambo.

Kinachofanya kazi ni tabaka. Kwanza unatoa ule uchafu wa juu, plastiki yote, tope la kuogelea. Unatandika kitambaa cha jeotekistaili, na kazi yake ni kuzuia tope lisipande na kuingia katikati ya mawe, bila hicho baada ya mvua mbili mawe yako yanamezwa. Juu yake unamwaga mawe yaliyopondwa, sentimita 50, unayapiga kwa tabaka mbili tatu, usimwage yote mara moja. Juu ya mawe unaweka madriye, zile mbao nene, mbili mbili zilizopishana, za chini upande huu, za juu upande ule, zimepigwa misumari, na etai inakanyaga katikati kabisa. Mzigo ukishuka ndani ya mawe unatanuka, kwa kila sentimita 2 za kwenda chini unatanuka 1 kila upande. Kwa hiyo ukiwa na kitanda cha madriye cha 40 kwa 40, chini ya mawe ya 50 umefika 90 kwa 90, na ile tani 2 imekuwa 2 na nusu kwa mita ya mraba. Watu wengi wanasimama hapo wanafurahi. Lakini mawe nayo yana uzito! Nusu mita ya mawe ni karibu tani 1 kwa kila mita ya mraba, ongeza, unapata 3 na nusu, umezidi kidogo ruhusa yako. Panua madriye ziwe 50 kwa 50, chini unapata mita 1 kwa 1, tani 2 na ile 1 ya mawe, 3 kamili. Sawa, endelea.

Sasa ile ya kuchanganyika. Udongo wote unashuka kidogo ukibeba mzigo, hata ulio imara, na kama etai zote 20 zingeshuka sentimita 1 pamoja hakuna ambaye angelia, ungekaza skrubu na maisha yanaendelea. Tatizo ni moja ikishuka 2 na jirani yake aliye juu ya jiwe hakushuka kabisa. Ni kama wale wanaobeba mgonjwa kwa kipoyi mlimani, mmoja akiteleza shimoni uzito wake unawaangukia wenzake mara hiyo hiyo, hawakuulizwa. Etai ya jiwe iliyopangiwa tani 2 inajikuta na 3 ao 4, ikipinda inampa jirani mwingine, na hapo ndipo unasikia kelele. Kwa hiyo usifurahie lile jiwe kubwa ulilolikuta chini, ama unalitoa ama unapanga ukijua etai ile itabeba zaidi. Na mfinyanzi una ubaya mwingine, haushuki wote leo. Mchanga ukiupa mzigo unashuka papo hapo unamaliza, mfinyanzi unakamua maji yake taratibu, siku na siku, na wewe ulipima asubuhi ya kumwaga ukaona nivo (usawa) iko sawa ukaenda nyumbani, kumbe betoni inashika usiku huku chini bado kunashuka. Betoni ikiwa bado uji inafuata, ikishashika nguvu nayo inavumilia, lakini ile katikati, inapoanza kukauka bila nguvu, njo inapasuka.

Dawa ya hapo ni kuupa udongo mzigo kabla. Tani 2 ni mifuko 40 ya kilo 50, kila shantie (mahali pa ujenzi) ina mifuko na mchanga. Tengeneza kitanda kimoja cha mawe na madriye mahali ferabeto ilikuonyesha pabaya zaidi, panga mifuko 40 juu yake, pima kwa ile tiyo ya maji ya kupimia usawa ukilinganisha na alama uliyochora mbali, kwenye ukuta usiosogea, halafu pima tena jioni, pima kesho, na kesho kutwa. Ukiona imeshuka milimita 10 siku ya kwanza, 3 ya pili, na kisha hakuna, unajua unaenda wapi. Ukiona kila siku inashuka sawa na jana, usimwage kitu hapo. Siku tatu za mifuko, hakuna mashine, na bado utasikia eti tunachelewesha kazi.

Wengine wanasema basi tumwage vitako vya betoni chini ya kila mguu tumalize mjadala. Inawezekana, lakini kitako nacho kinahesabiwa. Tarehe 15 mwezi wa nne 1982, kule East Chicago, jimbo la Indiana, Marekani, sehemu ya barabara ya juu iliyokuwa inajengwa ilianguka ikaua wafanyakazi 13. Wachunguzi wa serikali yao walipofuatilia walifika kwenye kitu kidogo sana, vitako vya betoni chini ya miguu ya minara iliyobeba kofraji, kwamba yaelekea kimoja kilipasuka kwanza, na mengine yakafuata. Hao ni watu wenye minara ya chuma na makarani wa hesabu. Uingereza nayo ilishapata yake mwaka wa 1972 kwenye mto Loddon, watu 3 walikufa, ikaundwa kamati iliyotoa ripoti 1975, na wazo lake moja limebaki mpaka leo: lazima kuwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina mwenye kusimamia hizi kazi za kushikilia, na bila yeye kutia sahihi hakuna anayepakia mzigo. Wala haihitaji pesa hiyo, inahitaji tu bosi akubali kwamba fundi mmoja anaweza kusimamisha kamyo ya betoni ikiwa getini.

Kuna mizigo ya pembeni pia, hiyo napita haraka. Upepo, betoni ikisukumwa, mtu akivuta kamba, yote inasukuma etai upande. Kawaida inayotumika ni kuhesabu angalau asilimia 2 na nusu ya uzito wote kwenda upande, kwenye mfano wetu ni karibu tani 1, na tani 1 ya kusukuma etai ambazo hazijafungwa mishazari (vyuma ao mbao za kukingama) inatosha kuzilaza zote. Fungeni mishazari pande zote mbili. Na kama chini ni mteremko, chonga ngazi, usiweke kabari ya mbao chini ya sahani uiite nivo. Kando ya ukingo wa mto udongo una nguvu pungufu kwa sababu upande mmoja hakuna wa kumshikilia, halafu njo pale pale tunapenda kurundika moelo (mawe ya kujengea) na mchanga na kuegesha kamyo. Ukingo ukikatika unaenda na etai za mstari wa mwisho.

Maji je. Watu wa Kalehe walikuwa na mito yao ya kila siku mpaka mwezi wa tano 2023, kwenye vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, mvua moja, zaidi ya watu 400 wakafa. Sisemi kila mvua ni ile, nasema mito ya huku inajaa kwa saa, haingoji siku. Mto ukijaa unafanya mambo matatu kwa etai zako: unakula mchanga na mawe chini ya madriye, unanyanyua mbao kwa sababu mbao inaelea, na unaleta takataka zinazojikusanya mbele ya etai kama ukuta, kisha maji yote yanasukuma ule ukuta. Plastiki za Bukavu zinajulikana mpaka kwenye mitambo ya umeme ya Ruzizi, zinaiziba, sembuse etai 20 za fundi. Kwa hiyo kazi inapangwa mwezi wa sita mpaka wa nane, na kama lazima iwe wakati wa mvua, unaacha njia ya maji katikati bila etai hata moja, unabeba pale kwa poutre (mihimili) za chuma kutoka upande huu mpaka ule, na mtu analala shantie wa kuondoa takataka.

Na hapo kwenye poutre njo ningeanzia kama ningeulizwa mapema: udongo mbaya ukiweza kuukwepa, ukwepe. Kuta za daraja la zamani pale linapoegemea kingo mara nyingi zina msingi mzuri kuliko chochote utakachotengeneza wewe kwa wiki mbili, kama hazijapasuka. Weka poutre za chuma kutoka ukuta hadi ukuta, ning'iniza kofraji hapo, mto uendelee na mambo yake. Inagharimu chuma, ndiyo, lakini chuma kinarudi kwa kazi nyingine, mawe hayarudi. Ama panga daraja la Bailey pembeni, lile la vipande vya mita 3 vinavyobebwa na watu sita, magari yapite huko na wewe ufanye kazi bila kamyo kutikisa juu ya kichwa.

Ikishindikana, kuko mikaratusi. Gogo la upana wa sentimita 20 likipigwa mita 4 ndani ya mfinyanzi wa tani 2 linashikiliwa na udongo kwenye ngozi yake, eneo la ngozi ni mita za mraba 2 na nusu, ukizidisha ni tani 5 za kuvunjika, ukigawanya kwa 2 na nusu unabaki na tani 2, ile ile ya etai yetu. Gogo moja kwa etai moja, na mto unaweza kukwangua nusu mita juu bila kukuangusha. Mimi nalipenda hilo kuliko mawe kwenye maji, ila yasibanane sana maana yakikaribiana yanagombania udongo ule ule.

Kwa kazi ya kuinua daraja na vereni, ile jeki ya mafuta, ili kubadilisha ile mipira ambayo daraja linalalia, yote haya yanazidi kuwa makali. Unainua milimita chache tu, 5, 10, na kama udongo chini ya vereni unashuka sentimita 3 wewe unapampu, saa ya presha ya mafuta inapanda, na daraja halijatoka mahali pake, unaizamisha vereni yako mwenyewe. Pima pande mbili kila wakati, daraja linapanda kiasi gani na kitanda kinashuka kiasi gani. Na likishapanda, ingiza sahani za chuma ao kaza ile nati ya usalama, usiliache daraja linaning'inia juu ya mafuta usiku kucha.

Kutoa nako kuna utaratibu. Kwa daraja la kulala pande mbili unaanza katikati, unalegeza skrubu kidogo kidogo ukienda kwenye kuta, mzunguko wa kwanza zote milimita chache, halafu unarudia, usitoe etai moja nzima wakati jirani bado imekazwa. Magogo ya mikaratusi yakikataa kung'oka yakate chini ya usawa wa mto, yakibaki wazi ndiyo yatakayoanza kukamata plastiki mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa.